Benzi la Babu linauzwa, na kutu yake yote

Bibi katoka eda wiki tatu zilizopita. Miezi minne na siku kumi alikaa ndani pale Ngamiani, Tanga, na siku aliyotoka jambo la kwanza alilofanya ni kunipigia simu, "Mume wangu, njoo, lile gari la babu yako watoto wanataka liuzwe wagawane." Bibi ananiita mume wangu tangu najifunza kutembea, mabibi wa pwani ndo walivyo kwa wajukuu zao wa kiume, lakini siku ile alivyolitamka nikasikia kabisa kwamba kuna mzigo ananikabidhi.

Gari lenyewe ni Mercedes-Benz 230 SL, la wazi, viti viwili, la mwaka 1965. Lipo bandani nyuma ya nyumba chini ya makuti, limefunikwa turubai la lori na chini ya turubai magunia ya katani, maana Babu alikuwa hataki plastiki iguse bodi, alisema plastiki inafuga jasho na jasho la Tanga lina chumvi. Wenyeji mnajua, hapa kwetu bawaba ya mlango ukiisahau miaka miwili inageuka unga. Sasa gari la chuma kukaa mji huu zaidi ya miaka hamsini na mpaka leo ukilipa betri linawaka, hilo si jambo dogo, na ndo maana nimekaa niandike, kwa sababu karibu wote waliokuja kulitazama wiki hizi wameliona bovu la kizamani lenye nyota mbele, basi.

Mzee mmoja wa barazani aliniuliza kwanini paa limebonyea katikati, liliwahi kupinduka? Halikupinduka. Lina mapaa mawili, la turubai linalokunjwa nyuma ya viti, na la chuma la kuvisha juu, ambalo kulinyanyua ni watu wanne na wote wawe makini. Hilo la chuma ndo limeinuka pembeni na kuzama katikati, na kwa ajili hiyo dunia nzima wanaliita Pagoda, kwa mfano wa yale mahekalu ya Asia. Lakini si urembo tu. Pembeni pakiinuka vioo vinakuwa virefu na mlango unakuwa mkubwa, mtu anaingia bila kujikunja, na ule mbonyeo unalipa bati nguvu. Mchoraji ni Mfaransa, Paul Bracq, aliyekuwa akifanya kazi Ujerumani chini ya Friedrich Geiger. Na ndani ya umbo lile kuna kazi ya Béla Barényi, mhandisi aliyeshikilia kwamba pale wanapokaa watu pawe pagumu kama sanduku, ila pua na mkia wa gari vikunjike vyenyewe vimeze kishindo cha ajali. Leo tunaona kawaida, lakini mwezi wa 3 mwaka 1963 gari hili linaonyeshwa Geneva kwa mara ya kwanza, gari la michezo lenye bodi ya namna hiyo lilikuwa halijawahi kuwepo.

Na msidhani ni gari la kupigia picha tu. Mwaka huohuo Eugen Böhringer alishinda nalo mbio za Spa–Sofia–Liège, zaidi ya kilomita 5,000, kutoka Ubelgiji mpaka Bulgaria na kurudi, na njia nyingi za kule Balkani wakati huo zilikuwa vumbi na mawe. Injini ya silinda sita, lita 2.3, nguvu farasi 150, breki za diski mbele na dramu nyuma. Mpaka wanafunga uzalishaji mwaka 1971 yalishatoka 48,912 ukijumlisha na ndugu zake 250 SL na 280 SL, 230 SL peke yake 19,831. Moja ndo hilo lipo chini ya makuti Ngamiani.

Lilifikaje. Babu alikuwa fundi wa korona, ile mashine ya kukwanyua mkonge, kwenye shamba moja nje ya mji. Mkonge wenyewe si wa kwetu kwa asili, aliuleta Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu ndo iliyofika hai, na kwenye hiyo miche ukatoka mji mzima, bandari, nyumba za mawe, mishahara, wageni kutoka kila kona ya nchi. Tunaposema Tanga waja leo waondoka leo, wengi wa hao waja walikuja kukata mkonge. Halafu kamba za nailoni zikaingia sokoni, bei ikaanguka, na baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 mashamba mengi yakawekwa chini ya serikali, mameneja wa Kizungu wakaanza kufunga mizigo mmoja mmoja. Mmoja wao alikuwa na Benzi lililokufa. Lilikaa miezi halijawaka, fundi wa kuliamsha hakupatikana, na kulisafirisha gari bovu mpaka Ulaya hakuona faida. Babu akalinunua mwaka 1969 kwa pesa ambayo Bibi mpaka leo anasema ingetosha cherehani mbili.

Tatizo lilikuwa pampu, na hapa naomba mnivumilie kidogo, kwa sababu pampu hii ndo moyo wa habari yote.

Gari hili halina kabureta. Lina pampu ya Bosch yenye pistoni ndogo sita, kila silinda na ya kwake, inafanya kazi kama pampu ya dizeli ila inasukuma petroli, inapima na kugawa kwa kila nozeli. Petroli ikilala humo muda mrefu inakauka inakuwa gundi, pistoni zinanata, na hapo unaweza kuchaji betri mpaka uchoke haliwaki. Mafundi wa mjini walimwambia Babu atupe, afunge kabureta mbili ayamalize. Yeye pampu za dizeli alizijua, ndo kazi yake ya kila siku kule kwenye injini za shamba. Akaishusha, akaifungua juu ya meza ya kulia chakula (Bibi hajasahau), akailowesha kwenye dizeli iliyochanganywa na oili siku tisa. Kila jioni akirudi kazini anakaa nayo, anagusa kila pistoni kwa kijiti cha mti wa mpera alichokichonga mwenyewe, hagongi nyundo, hasukumi kwa bisibisi, anagusa tu na kusubiri, kesho tena. Siku ya saba mbili zikaanza kurudi zenyewe. Siku ya tisa zote sita. Alivyoirudisha na kulipiga staa Bibi anasema lilikohoa moshi mweusi mpaka kanga zilizokuwa kwenye kamba zikabidi zifuliwe upya, halafu likatulia, likaanza kunguruma taratibu, na Babu akazima akaenda kuswali.

Pampu hiyohiyo ndo iliyopo mpaka leo.

Ina oili yake peke yake, tofauti na ya injini, na ina kijiti chake cha kupimia, kidogo, unaweza kufungua boneti mara mia usikione. Nilikuwa darasa la tatu Babu aliponionyesha. Alinipa kipande cha kanga kuukuu, akaniambia kitoe, kifute, kirudishe mpaka mwisho, kitoe tena, sasa soma. Vidole vyangu vilikuwa vinapita pale ambapo vya kwake vilikuwa vinakwama, kwa hiyo kuanzia siku ile kijiti kikawa kazi yangu. Akasema, "Anayekijua kijiti hiki analijua gari. Asiyekijua mpe chai arudi kwao." Na kuna daftari, yale ya shule ya kurasa 96, yapo manne, ameandika kila alichofanya. Mguu wa mbele wa gari hili una nipo nyingi za grisi na zinataka grisi kila baada ya kilomita kama 5,000, ukizembea king pini, zile pini zinazogeuzia magurudumu ya mbele, zinakufa, basi kila grisi ina tarehe yake humo. Ile miaka ya shida ya mafuta, magari binafsi yalivyokuwa yamezuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana, Babu aliifanya Jumapili kuwa siku ya grisi, ukifungua daftari la pili utaona Jumapili, Jumapili, Jumapili. Vipuri vingi vya mguu alivipata kwenye zile Benzi za milango minne zenye mapezi nyuma, kwa sababu 230 SL imejengwa juu ya msingi wa hizohizo ila umefupishwa, na hilo hakufundishwa na mtu, aliligundua kwa kupima kipuri kimoja kimoja.

Sasa turudi kwenye kuuza.

Warithi wamekaa, baba mkubwa, baba yangu, shangazi na baba mdogo, na Bibi ana thumni yake. Mi mjukuu sina fungu, wala nisingekuwa na uwezo wa kulinunua, ningekuwa nao nisingeandika hapa. Baba mdogo alitaka lipigwe puti, ule udongo wa kuziba mashimo ya bodi, lipulizwe rangi nyekundu, liuzwe haraka. Baba mkubwa yeye alishauriwa na rafiki yake kwamba hiyo injini ya Mjerumani itolewe iwekwe ya Toyota, spea zipo kila duka, kila fundi anaijua, gari litauzika siku hiyohiyo. Na mi sisemi ni ushauri wa kijinga. Ukiwa na gari la kwenda nalo Muheza na Korogwe kila siku, Toyota ni Toyota, ningeshauri hivohivo. Lakini kwenye chesisi ya gari hili kumegongwa namba inayoanza na 113042 halafu 20, yaani 230 SL, usukani wa kulia, gia za mkono, na kiwandani kila gari liliandikiwa kadi yake yenye namba ya injini, ya bodi, rangi iliyotoka nayo. Injini yetu namba zake ndo zilezile za kwenye kadi. Kule nje 230 SL nzuri inauzwa kwa makumi ya maelfu ya euro, na jambo la kwanza mnunuzi anayejua anaangalia ni hilo, je injini ni yake au ya kuazima. Ukiitoa umeuza ganda. Na ukiacha pesa, jamani, kuna mtu alikaa siku tisa na kijiti cha mpera.

Wakati tunavutana akaja dalali. Jina sitaji. Alikuja na sumaku mfukoni, na kwa hilo nilimheshimu, maana sumaku inashika chuma na haishiki puti, ndo njia nzuri ya kujua puti imejificha wapi chini ya rangi. Akaiweka kwenye mlango, ikaanguka. Akaiweka boneti, ikaanguka. Buti, ikaanguka. Akageuka akawaambia wazee mbele yangu, "Hili gari zima ni puti, hapa hakuna bati, mnauza rangi tu," na hapohapo akataja bei ambayo hata pikipiki ya bodaboda hupati. Nilimwona baba mdogo anainamisha uso kwa aibu, na baba mkubwa anaanza kutingisha kichwa kukubali.

Nikamwomba sumaku. Nikaiweka kwenye madigadi ya mbele, ikashika, tap! Nikaiweka ya upande wa pili, ikashika. Nikafungua mlango, nikaiweka kwenye fremu ya ndani ya mlango uleule aliosema ni puti, ikashika mpaka nikaivuta kwa nguvu. Boneti, buti, ngozi ya nje ya milango na kile kifuniko kinachoficha paa la turubai vyote ni aluminiamu, walivitengeneza hivo kupunguza uzito, na aluminiamu sumaku haiigusi milele. Nikamwambia nyanyua boneti kwa mkono mmoja. Akainyanyua. Akakaa kimya, akainyanyua tena. Sijui kama siku ile alitaka kutuibia au alikuwa hajui kweli, sitaki kumdhulumu, lakini gari lilikuwa linakwenda kwa bei ya chuma chakavu kwa sababu ya sumaku iliyosema kweli na mtu aliyeisoma vibaya.

Ila sikuishia hapo. Nikampeleka nyuma kushoto, chini ya madigadi, pale karibu na tairi, nikaweka sumaku, ikaanguka. Hapo kweli kuna puti, Babu aliiweka mwaka 1988, ipo kwenye daftari. Nikainua zulia upande wa abiria nikamwonyesha sakafu, kuna tundu unaingiza kiganja, unaona mchanga wa banda kupitia hapo. Kingo za chini ya milango nazo zimeanza, ukibonyeza kwa kidole gumba unasikia inanong'ona kama ganda la yai. Dalali akashangaa kuliko mwanzo. Akanivuta pembeni, "Kaka, haya usimwonyeshe mtu. Tutafute mtu wa bodi, bati dogo, lami nyeusi kwa chini, anayenunua atajua mwenyewe mbele ya safari."

Bibi alikuwa mlangoni kwa nyuma anakuna nazi. Mbuzi ikanyamaza. Akasema, bila kupandisha sauti, "Mtume alitia mkono kwenye lundo la nafaka sokoni akakuta chini kumelowa, akasema anayeghushi si miongoni mwetu. Mi nimetoka eda juzi. Mnataka pesa ya babu yenu ianze na hilo?" Akaendelea kukuna. Baba mkubwa akasema basi, limekwisha, na dalali tukamsindikiza vizuri mpaka barabarani, chai alikunywa.

Kwa hiyo nimeliandika tangazo mwenyewe na nimeliweka kwenye magrupu ya wasap ya watu wa magari, na limeanza na kutu. Picha ya kwanza si ya nyota, ni ya lile tundu la sakafu pembeni yake nimeweka kiberiti ili ukubwa uonekane. Halafu kingo, halafu puti ya 1988, halafu turubai la kukunja ambalo limechanika karibu na kioo cha nyuma na halifai tena, halafu viti vilivyoshonwa upya kwa ngozi ya bandia miaka ya tisini kwa sababu ya asili iliisha na Babu hakupata nyingine. Baada ya hapo ndo injini, pampu, namba za chesisi, zile namba ndogo zilizogongwa kwenye boneti na kwenye paa gumu zinazofanana na za bodi, na kurasa sita za daftari. Jamaa zangu wawili wameniambia nimeharibu biashara, nani anaanza tangazo na tundu.

Simu zimepungua, ni kweli. Wanaouliza "mwisho ngapi" kabla hata ya salamu wametoweka. Mmoja alitaka la kukodisha kwenye harusi, alikuwa muungwana sana, lakini alitaka alipake dhahabu. Kijana mmoja wa Sahare aliuliza kama ile injini anaweza kuuziwa peke yake. Halafu juzi akaandika mama mmoja wa Mombasa, anaandika Kiswahili kile cha kwao kitamu, na swali lake la kwanza akaniomba nitoe taa za mbele, nipige picha ndani, anataka kuona vile vibonyeo vya kuchomelea vya kiwandani, kwa sababu gari lililowahi kugongwa pua na kuchomelewa upya huwa havipo. Nilitoa taa. Mkono ulikuwa unanitetemeka kidogo, maana hapo hata mi nilikuwa sijawahi kuangalia. Vipo, pande zote mbili, vimefunikwa na vumbi jekundu ambalo nadhani ni la shambani. Nikamtumia. Akajibu, "Mashallah. Hiyo sakafu si neno, sakafu yapatikana." Na ni kweli, kwa magari haya bati za sakafu, mipira, vioo, vitu vingi bado vinauzwa mpaka leo, kisichouzwa ni gari lenye injini yake na historia yake iliyoandikwa kwa mkono.

Hajanunua bado. Kasema atakuja kuliona kupitia mpaka wa Horohoro Mungu akipenda, na kuna bwana mmoja wa Moshi naye kasema hivohivo. Mimi sina upande. Bibi ana sharti moja tu, madaftari yote manne yanaondoka na gari, hayabaki hapa, na mi nimeshayapiga picha kurasa zote usiku kwa usiku.

Anayelitaka aje asubuhi, kabla ya saa tatu, jua linaingia bandani kwa chini na sakafu inaonekana yote bila tochi. Aje na sumaku yake. Mkeka wa kulalia chini ya gari upo, Bibi ameutenga. Nitafungua boneti, nitampa kipande cha kanga, nitasogea pembeni nimwangalie kama anajua kijiti kiko wapi.